Rada, nyundo, umeme au TEM: ipi ya kupimia kina cha ardhi iliyoganda?

Mtu akiuliza mashine ipi nzuri ya kupima kina cha ardhi iliyoganda huwa anataka atajiwe jina moja tu, rada au umeme, aende akakodi, na mara nyingi ndo hapo anapopotea maana hajasema anataka kina kipi. Ardhi iliyoganda mwaka mzima, hii inayoitwa pamafrosti, ina paa na ina sakafu. Paa ni pale unapokutana na ugumu ukishuka kutoka juu, na juu ya hapo pana tabaka linaloyeyuka kila kiangazi na kuganda tena baridi ikirudi, linaweza kuwa sentimita 30 au 40 tu kwenye tundra (nyanda za baridi zisizo na miti) yenye mboji nyingi na likawa mita kadhaa kwenye miamba ya milimani. Sakafu, yaani pale chini kabisa kuganda kunapoishia, ni habari nyingine kabisa: Prudhoe Bay kule Alaska iko zaidi ya mita 600 chini, na Siberia kuna sehemu inapita mita 1,400. Pale Yakutsk kuna mtu anaitwa Shergin alianza kuchimba kisima mwishoni mwa miaka ya 1820, mpaka mwaka 1837 wakawa wamefika mita 116 na udongo bado umeganda, maji hawakuyaona ila wanasayansi walikuja baadae wakashusha vipimajoto humo humo na kisima kikapata kazi nyingine.

Sasa mashine inayoona paa vizuri mara nyingi ni kipofu wa sakafu, na inayoona sakafu haina habari na mita mbili za juu. Ukishika hilo tu, nusu ya uchaguzi umeshaumaliza.

Kitu kingine cha kujua kabla hujalinganisha chochote, hakuna hata moja kati ya hizi inayopima joto. Pamafrosti kwa tafsiri yake ni ardhi iliyokaa nyuzi 0 au chini yake kwa miaka miwili mfululizo au zaidi, yaani ni suala la joto tu, haijasema lazima kuwe na barafu. Lakini mashine zinachoona ni tofauti ya maji na barafu: maji yakiganda umeme unapita kwa shida, mawimbi ya mtetemo yanakimbia zaidi, na mawimbi ya redio nayo yanapita haraka kuliko yalivyokuwa kwenye maji. Kwahiyo udongo wenye chumvi unaweza kuwa nyuzi 2 chini ya sifuri na bado una maji majimaji ndani, kipimajoto kinasema pamafrosti, mashine inasema hakuna kitu. Na mwamba mkavu nao hivyo hivyo, umeganda kwa joto ila hauna maji ya kugeuka barafu, utaona nini sasa? Kwahiyo popote nitakaposema "inaona" hapa chini, elewa inaona barafu.

Rada dhidi ya fimbo ya chuma

Nimeanza na hizi mbili makusudi maana kwa kazi ya paa ndo washindani wa kweli, na fimbo watu wanaidharau bure. Fimbo ni chuma chembamba chenye unene wa kama sentimita moja, unakichomeka chini mpaka kigome, unasoma kina, unasogea. Mtandao wa CALM unaofuatilia tabaka linaloyeyuka Aktiki nzima tangu 1991 unategemea sana njia hii, uwanja wa mita 100 kwa 100 wenye pointi 121, kila moja inachomwa mwisho wa kiangazi. Haina betri, haina programu, na kwenye udongo laini wa mboji au matope inakupa namba ya kuaminika papo hapo.

Inashindwa wapi? Kwenye mawe. Fimbo ikigonga jiwe inagoma vile vile kama imegonga barafu, na mwenye mkono mzoefu anasikia tofauti ya mlio ila sio kila siku. Ikizidi mita moja na nusu hivi nayo inakuwa vita. Na inakupa nukta, sio mstari, ukitaka kujua kati ya nukta mbili kuna nini inabidi ukisie.

Rada ya ardhini inakupa mstari. Unaburuta antena, wimbi la redio linashuka, likifika pale udongo wenye maji unapokutana na udongo wa barafu linarudi kwa nguvu sana kwasababu tofauti ya maji na barafu kwa rada ni kubwa mno, kile kipimo cha umeme kinachoamua mwendo wa wimbi la redio (dielectric) kwa maji ni kama 80 na kwa barafu ni 3 na kidogo. Kwa paa la chini ya mita moja antena ya megahezi 500 inafaa, kwa mita moja hadi kadhaa shuka mpaka 200 au 100, na kwenye ardhi yenye barafu nyingi safi antena ya 50 inaweza kwenda makumi ya mita.

Tatizo la rada, na hili ndo watu wengi hawaambiwi na anaekodisha mashine, ni kwamba haipimi kina, inapima muda. Kina unakitafuta wewe kwa kuzidisha na mwendo wa wimbi, na mwendo unategemea udongo una maji kiasi gani. Kwenye barafu wimbi linakwenda kama sentimita 17 kwa nanosekunde, kwenye mboji iliyolowa linaweza kushuka mpaka sentimita 4. Chukua mfano, wimbi limeenda na kurudi kwa nanosekunde 30. Ukiweka mwendo wa sentimita 6 unapata kina cha sentimita 90, ukiweka 4 unapata 60. Data ni ile ile, picha ni ile ile, tofauti ni sentimita 30, na kwenye tundra sentimita 30 inaweza kuwa ndo tabaka zima! Mbaya zaidi unyevu unabadilika ndani ya mstari mmoja, bondeni pamelowa na kilimani pamekauka, kwahiyo hata ukirekebisha sehemu moja haimaanishi umerekebisha kote.

Ndo maana mi sioni kama ni rada AU fimbo. Buruta rada, kila baada ya hatua kadhaa choma fimbo, tumia namba za fimbo kutafuta mwendo, alafu rada ijaze katikati. Hapo unapata kitu ambacho hakuna mojawapo ingekupa peke yake. Ila kama ni mfinyanzi mzito au ardhi yenye chumvi acha rada nyumbani, wimbi linamezwa kabla halijafika popote.

Nyundo na jiofoni

Sezmiki ya nyundo, yaani kupima kwa mawimbi ya mtetemo, wengi wanaiona ya kizamani, na kiukweli ni kazi ya mgongo, sahani ya chuma chini, nyundo kubwa, unapiga, unapiga tena, jiofoni, yaani vyombo vya kunasa mtetemo, zimepangwa mstari zinasikiliza. Lakini kwa paa la barafu kwenye ardhi ya mawe, ambako fimbo imegoma na rada inaona vurugu tupu, hii ndo kimbilio. Udongo mkavu ulioyeyuka unapitisha wimbi kwa mita 400 hadi 1,000 hivi kwa sekunde, ulioganda unaruka mpaka 2,500, 3,000, hata 4,000. Tofauti hiyo huwezi kuikosa.

Unaikosa ukipanga jiofoni vibaya. Tuseme tabaka lililoyeyuka ni mita 1.5, juu mwendo ni mita 500 kwa sekunde na chini ni 3,000. Ukipiga hesabu, wimbi linalopita kwa kuzunguka kwenye barafu linaanza kulishinda lile la moja kwa moja likiwa umbali wa mita 3.5 hivi tu toka kwenye nyundo. Sasa mtu kaweka jiofoni kila mita 5 kama alivyozoea kwenye kazi za msingi wa jengo, jiofoni ya kwanza tayari iko ng'ambo, hana hata nukta moja ya tabaka la juu, mwendo wake anaubuni, na kina kinatoka cha kubuni vile vile. Weka kila nusu mita au mita moja, mstari mfupi, basi. Nyundo inatosha, huhitaji baruti.

Na sakafu? Sahau. Sio kwamba ni ngumu, ni kwamba haiwezekani kwa njia hii: inahitaji kila tabaka la chini liwe na mwendo mkubwa kuliko la juu yake ndo wimbi lipinde na kurudi, na chini ya barafu mwendo unashuka. Wimbi linazama moja kwa moja na halirudi kukusimulia. Kwa sababu hiyo hiyo usiitumie wakati wa baridi udongo wa juu umeganda na wa kati bado umelowa, utaona ganda la juu na utadhani umefika.

Kuna ndugu zake wawili, ile ya mawimbi ya usoni na ile ya kusikiliza mtetemo wa kawaida wa ardhi bila kupiga kitu. Hii ya pili ni rahisi sana, chombo kimoja chini kwa dakika kadhaa, unatafuta mlio ambao tabaka laini la juu linaitikia, kina ni mwendo wa wimbi la pembeni ukigawanya kwa mara nne ya masafa. Mwendo mita 100, mlio hezi 25, kina mita moja. Nzuri kwa kupita haraka sehemu nyingi, ila tena inadai ujue mwendo, tatizo la rada limerudi kwa jina lingine.

Umeme kwenye elektrodi

Hii ndo kipenzi cha watu wa milimani na kama ningelazimishwa kubaki na mashine moja tu kwa maisha yote ningechukua hii, japo ina uongo wake.

Unapigilia vijiti vya chuma, ndo elektrodi zenyewe, kwenye mstari, kebo inaviunganisha, mashine inapitisha umeme kwenye viwili na kusoma volti kwenye vingine viwili, inabadilisha mpangilio mara mamia, alafu kompyuta inageuza namba zote kuwa picha ya ukinzani wa ardhi, yaani inavyozuia umeme, kwa kipimo cha ohm-mita. Udongo ulioyeyuka unaweza kuwa ohm-mita makumi au mamia, ulioganda unapanda maelfu hadi makumi elfu, barafu tupu inaweza kupita laki. Vijiti 48 kila baada ya mita 2 ni mstari wa mita 94 na unaona chini kama mita 15 mpaka 20. Faida yake kubwa kwangu ni kwamba inaonyesha umbo, sio mpaka tu, unaona barafu inaishia wapi pembeni, unaona mfuko ambao haujaganda chini ya kijito, vitu ambavyo nyundo na fimbo havikuambii.

Na ukiviacha vijiti hapo hapo ukarudi kupima mwaka hadi mwaka, unakuwa na kitu cha thamani zaidi ya picha moja. Schilthorn kule Uswisi wana elektrodi za kudumu tangu 1999 jirani na mashimo ya vipimajoto, na kiangazi kile cha joto kali cha 2003 kilionekana waziwazi, ukinzani ulishuka, na kwenye shimo tabaka lililoyeyuka lilizama mpaka karibu mita 9 wakati kabla yake lilikuwa kama mita 5. Huko ndo umeme unapong'ara, sio kukupa kina kamili mara moja bali kukuonyesha kinabadilikaje.

Uongo wake sasa. Kwanza, kompyuta inapenda picha laini, kwahiyo mpaka mkali wa barafu unatoka kama rangi zinazobadilika polepole, afu mtu anachagua mstari wa ohm-mita 1,000 anasema hapa ndo paa, kwanini 1,000 na sio 3,000 hajui. Mfinyanzi ulioganda kwa nyuzi 1 chini ya sifuri bado una maji ndani na unaweza kukaa kwenye mamia tu, wakati changarawe kavu ambayo haijaganda kabisa inapita elfu bila shida. Pili, chini ya barafu nene umeme haupiti wa kutosha, kwahiyo chochote unachoona chini ya lile doa la ukinzani mkubwa, hasa sakafu inayojionyesha nzuri na ya duara, mara nyingi ni ndoto ya kompyuta. Tatu, kuufikisha umeme ardhini penyewe ni kazi, kwenye mawe makubwa vijiti havishiki, watu wanaweka sponji zilizolowekwa maji ya chumvi ndo mambo yanaenda.

Halafu kuna hili la hewa. Kwenye lundo la mawe milimani, mapengo yaliyojaa hewa yanakataa umeme sawasawa na barafu. Picha ya umeme peke yake haiwezi kukuambia ni ipi. Hapa ndo unamuita mtu wa nyundo, maana hewa inapitisha wimbi kwa mita 330 kwa sekunde na barafu kwa kama 3,500, ubishi unaisha pale pale. Ukinzani mkubwa na mwendo mkubwa, hapo hewa umeshaitoa, imebaki barafu au mwamba mzima. Ukinzani mkubwa na mwendo mdogo, ni mawe makavu na mapengo. Kwa kazi za milimani mi nisingeamini ripoti yenye moja tu kati ya hizo mbili.

TEM, kwa wanaotafuta sakafu

Kwenye sakafu ushindani ni mdogo, kuna TEM (transient electromagnetic), njia ya sumakuumeme. Unatandaza waya chini kwa umbo la mraba, mita 40 kwa 40 au 100 kwa 100 au zaidi, unapitisha umeme, unaukata ghafla, na ardhi inajibu kwa mikondo inayoshuka chini na kufifia, wewe unasikiliza inavyofifia kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Uzuri ni kwamba mikondo hii inapita kwenye barafu kana kwamba hakuna kitu, na ikikuta udongo uliolowa unaopitisha umeme chini yake ndo inapiga kelele. Yaani kile kilichomshinda mtu wa elektrodi, huyu ndo kinampa kazi. Mamia ya mita, bila kutoboa ardhi, bila kijiti hata kimoja, na unaweza kufanya juu ya theluji au juu ya ziwa lililoganda.

Ila mita za juu haizioni, na vyuma vya karibu, bomba, nguzo za umeme, uzio, vinaharibu kila kitu. Kuna na kituko kimoja cha ardhi iliyoganda, wakati mwingine mwitikio unageuka alama, unakuwa hasi, mgeni anadhani mashine imekufa kumbe ni barafu na udongo vinavyohifadhi chaji kidogo. Aliezoea anajua, asiezoea anafuta data nzuri.

Ukiwa na eneo kubwa la kilomita na kilomita, aina hii ya vipimo inabebwa na helikopta, chombo kinaning'inia kama mita 30 juu ya ardhi. Shirika la jiolojia la Marekani, USGS, walifanya hivyo mwaka 2010 karibu na Fort Yukon, Alaska, na wakaweza kuchora palipoganda na pasipoganda chini ya mto na maziwa kwa upana ambao mtu wa miguu asingeumaliza. Bei ni ya helikopta, sina la kuongeza. Na kuna vile vidude vya sumakuumeme vya kubeba begani, unatembea navyo tu, ni vizuri kwa kutafuta wapi pameganda na wapi hapajaganda kabla hujapeleka timu, kwa kina chenyewe usivitegemee.

Kwahiyo we uchukue ipi

Kama ni tabaka linaloyeyuka kwenye tundra laini, rada na fimbo, mwisho wa kiangazi, na nasisitiza mwisho wa kiangazi kwasababu katikati ya baridi juu pameganda na chini pameganda, hakuna mpaka wa kuonekana na mashine yoyote, utalipia safari uje kupiga picha ya kitu kimoja.

Kama ni ardhi ya mawe mlimani, umeme pamoja na nyundo kwenye mstari ule ule, usitenganishe. Kama unataka kujua barafu inapungua kwa miaka, umeme na elektrodi za kudumu, na shimo la kipimajoto pembeni. Sakafu, TEM, na kama kuna visima vya mafuta au maji vilivyochorongwa eneo hilo tafuta kumbukumbu zake kwanza, kule kaskazini mwa Alaska kina cha sakafu kimejulikana zaidi kwa vipimo vya ndani ya visima kuliko kwa mashine za juu.

Kama hata sio pamafrosti, ni baridi ya msimu tu na unataka kujua imeshuka kiasi gani chini ya barabara, mashine zote hizi ni kubwa kuliko tatizo. Zika mrija wenye maji ya rangi, ile rangi inayobadilika ikiganda, unauvuta unasoma. Ukitaka mstari mrefu hapo ndo rada inaingia, inapita udongo ulioganda kirahisi na kurudi kutoka kwenye ule uliolowa chini yake.

Na kama ni pwani ya Aktiki au popote ambapo udongo una chumvi, usikodi kitu bado. Toboa shimo moja, shusha kipimajoto, chukua sampuli ya maji upime chumvi, ndo ujue maji hayo yanaganda kwenye nyuzi ngapi, maana pale mstari wa nyuzi 0 na mstari wa barafu vinaweza kupishana kwa mita nyingi na mteja wako atataka kujua umempa upi.